Mgonjwa wa Mtihani

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimeinamisha kichwa kabisa, maana najua barua hii utaianza kuisoma ukiwa umenuna.

Habari za huko? Shemeji hajambo? Wajukuu wamepona mafua? Na yule mwanao fundi umeme, amekwisha kuweka taa kwenye veranda yako au bado mnaingia ndani kwa kupapasa ukuta? Mwambie mjomba wake anasema fundi asiyemaliza kazi ya mama yake asijisifu kwa watu.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Wifi yako mzima, anakusalimia sana, na sasa hivi amesimama nyuma yangu ananichungulia begani nisije nikaandika uongo. Watoto wazima, wanamuulizia shangazi yao. Mimi nimekonda kidogo, suruali zangu zote zimekuwa za mtu mwingine, lakini nakula na natembea mpaka kanisani bila fimbo. Sababu ya kukonda utaikuta huko chini. Usiruke kurasa, nakujua.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza mpaka mwisho, hata pale uliponiita bwege, na wifi yako yuko pembeni anakunja nguo na kujifanya hasikii. Ulisema umepata habari kwamba Kitinda amefeli, kwamba ulijua tangu mwanzo uuguzi haumfai, na kwamba muhula huu ukiisha nimpandishe basi arudi kwako akatafute masomo mengine. Sikukujibu kwa simu kwa sababu kwenye simu huniachii nafasi ya kumaliza sentensi. Karatasi haikatizwi. Leo nitamaliza.

Lakini kabla ya ubishi, nataka nikushukuru. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ulimtoa kitinda mimba wako, mtoto wa uzeeni, ukamweka nyumbani kwangu asome chuo kilicho jirani na karakana yangu. Alipokuja alikuwa hajui hata kuinjika chai mpaka aitwe mara mbili. Sasa ndiye anayeniamsha mimi. Nyumba hii imepata binti ambaye hatukumzaa, na hilo tumelipata kwako. Asante, Dada. Hata tukigombana mbele ya safari, asante hiyo siirudishi nyuma.

Sasa tuje kwenye maneno yako. Ulisema, “Miaka minne kujifunza kutandika kitanda?” Dada, kitabu chake kimoja tu, kile cha mwili wa binadamu, kina uzito ambao mimi ningeweza kukandamizia mbao zilizopakwa gundi. Wanasoma dawa, uzazi, magonjwa ya akili, afya ya jamii, namna ya kuongoza wodi, namna ya kufanya utafiti. Darasani mwake wamo wauguzi wenye mvi, watu wenye stashahada zao na miaka mingi kazini, waliorudi kutafuta shahada. Mmoja ana wajukuu, na ndiye anayewahi kiti cha mbele kabisa. Asubuhi wanaanza kwa ibada fupi, mchungaji wa chuo anawaombea, wakisema amina hakuna tena mzaha mpaka jioni.

Na kitanda, ni kweli, wanatandika. Ila wanakitandika mtu akiwa amelala juu yake, bila kumwamsha wala kumwangusha. Jaribu siku moja shemeji akiwa amelala, kisha uniandikie yaliyokupata.

Haya yote nayajua kwa sababu mwaka huu chuo kilinipa kazi. Walitaka makabati ya kando ya vitanda yatengenezwe upya katika chumba chao cha mafunzo ya vitendo. Ni chumba kirefu, vitanda vimepangwa pande zote mbili, mapazia katikati, harufu ya dawa ya kufutia sakafu inakukuta mlangoni. Juu ya vitanda wamelala watu wa plastiki. Kuna mmoja wanafunzi wanamwita Mzee Plastiki; kifua chake kinafunguka kama kabati, na siku ya kwanza kabisa niliombwa nimtazamie bawaba. Wanamwamkia shikamoo kabla ya kumchoma sindano. Mkuu wa idara, mama mmoja aliyestaafu hospitalini ambaye kila mtu humwita Matroni, hata mchungaji, amewaambia kwamba anayezoea kumchoma mtu bila salamu hataacha tena.

Huyo Matroni ndiye aliyenipa cheo. Siku moja nimeinama napiga msumari, akasimama juu yangu akanitazama weee, kisha akasema, “Fundi, wewe una sura nzuri ya mgonjwa.” Nilifurahi kana kwamba nimesifiwa suti. Kumbe watu wa plastiki hawajibu maswali, na wakati wa mtihani wa vitendo chuo hutafuta watu hai, kila mmoja anapewa ugonjwa wake kwenye karatasi, analala kitandani, na wanafunzi wanaingia mmoja mmoja kumhoji. Kengele ikilia anatoka huyu anaingia mwingine. Nikakubali. Nilimwambia wazi kwamba nina mpwa wangu darasani humo; akasema usijali, nitakuweka kwenye ukumbi ambao yeye hapiti.

Ugonjwa niliopewa, Dada, nisamehe kukuandikia, ulikuwa wa haja ndogo. Karatasi ilisema mimi ni mzee nimekuja nalalamika tumbo la chini linanibana. Ukweli ni kwamba mkojo hautoki vizuri, lakini naona haya, na sitasema mpaka niulizwe waziwazi. Nisigusie, nisidokeze. Matroni alinijaribu mbele ya walimu wenzake, nikajiumauma na kutazama dirisha, akapiga makofi. “Unaigiza aibu vizuri mno, Fundi,” alisema. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Siku ya mtihani ikafika. Asubuhi hiyo bomba la maji likapasuka kule kwenye ukumbi mwingine, sakafu ikawa bwawa, wanafunzi wa pande zote wakapangwa upya kwa haraka. Hakuna aliyekumbuka habari ya mjomba na mpwa. Mimi nimelala zangu, shuka kidevuni, mwalimu wa kutoa alama ameketi kona na kalamu yake. Wakaingia wanafunzi wa kwanza. Mmoja alinihoji kama polisi, mpaka nikataka kukiri wizi. Mwingine alikuwa na sauti ya upole hata nikasahau kuigiza. Kengele ikalia, mlango ukafunguka, akaingia Kitinda.

Aliponiona akasimama kama aliyeona nyoka. Kisha akafanya kile ulichomfundisha wewe: akapiga goti kidogo akasema, “Shikamoo, Mjomba.” Nikaitikia marahaba. Nikamwambia tumbo la chini linanibana. Akaanza kuuliza. Aliniuliza nimekula nini. Aliniuliza kichwa, kikohozi, usingizi, viungo, macho. Aliniuliza kama nimeanguka kwenye ngazi. Nusura aniulize kama nimeumwa na mbwa. Alizunguka nyumba nzima, Dada, akagusa kila dirisha, mlango akauruka. Niliona kabisa swali limemfika mdomoni, akalimeza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru alipolimeza. Kengele ikalia. Akasema “Ugua pole, Mjomba,” akatoka, na kule kona nikasikia kalamu inakwaruza.

Basi huko ndiko alikofelia. Si vitabuni; vitabuni anaongoza. Alifeli mtihani wa vitendo ambao bila kuufaulu huingii mwaka wa mwisho wala hupelekwi wodini. Sheria yao inampa mtu nafasi moja ya kurudia. Akianguka tena, anarudia mwaka mzima. Waliokuletea habari walikuletea neno “amefeli” tupu, na nalo lilikufikia limechakaa kwa safari.

Jambo ambalo hawakukuambia ni hili: mtoto hakulalamika. Angeweza kwenda kusema nimewekewa mjomba wangu, na mtihani ungefutwa. Alinyamaza. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Matroni kueleza. Alinisikiliza, akavua miwani. Alikubali kwamba wamekosea kwa upande wao, na kwamba atarudia na mgonjwa mwingine. Nikadhani tumemaliza. Nimeshashika kitasa ndipo akaniambia, “Lakini wodini, Fundi, unadhani wanalala kina nani? Wanalala wajomba watupu.”

Nyumbani nilimkuta anapanga nguo kwenye begi. Alisema, “Mama ana haki. Nikimwona mtu mzima ulimi unakufa. Muuguzi gani huyo?” Hakulia. Afadhali angelia. Nilijaribu kumfariji nikashindwa, nikaanza kuzungumzia bei za mbao. Aliyeniokoa ni wifi yako. Alikuja na ufagio mkononi, akamtazama Kitinda, akanitazama mimi, akasema, “Mgonjwa si huyu hapa? Jifunzie kwake. Ukiweza kwa mjomba wako, utaweza kwa wafalme.”

Tukaanza. Siku ya kwanza sebuleni, tumeketi uso kwa uso, ilikuwa aibu tupu. Yeye anatazama zulia, mimi natazama dari, na jikoni mkaza mjomba wake anacheka hadi sufuria inaanguka. Tukajaribu kupeana migongo, tukaonekana kama watu waliogombania urithi. Mwisho tukahamia karakana. Mimi nilishika randa, yeye nikampa msasa na mguu wa meza, kila mtu macho kwenye mti wake. Hapo ulimi ukaanza kulegea.

“Mzee, haja ndogo inaendaje?” ananiuliza huku anasugua.

“Inaenda.”

“Inaenda vipi?”

“Kama ya watu wengine.”

“Wengine nitawauliza wao. Mimi nakuuliza wewe.”

Nikamwona anakua mbele ya macho yangu. Alijifunza kuuliza bila kunong’ona na bila kupaza sauti. Alijifunza kusubiri. Nikimpa jibu la kukwepa hakasiriki, analigeuza swali upande wa pili na kunirudishia taratibu. Siku zikapita, miguu ya meza ikawa laini kama sabuni.

Alasiri moja akanihoji vizuri kuliko siku zote. Nikamjibu vizuri kuliko siku zote. Nilimwambia nasimama chooni mpaka miguu inachoka na kinachotoka ni matone. Nikamwambia naamka mara kwa mara, mke wangu anadhani nakwenda kukagua komeo la mlango. Nikamwambia na mara mbili nimeona damu.

Msasa ukanyamaza. Akasema polepole, “Mjomba, karatasi ya Matroni walitusomea baada ya mtihani. Damu haimo.”

Dada, nilishindwa kusukuma randa. Ilikuwa ni mwaka mzima nimeibeba siri hiyo. Wifi yako hakujua, rafiki zangu hawakujua. Nilikuwa nasifiwa kuigiza aibu, na aibu ilikuwa yangu mwenyewe, sikuiazima mahali. Nilikuwa natisha watoto wangu kwa methali, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi huku nimeyafungia maradhi kama akiba ya posta.

Nilitegemea atapiga kelele, au atakimbia kumwita mkaza mjomba wake. Hakufanya hivyo. Aliweka msasa chini, akafuta vumbi mikononi, akavuta kigoda akaketi mbele yangu, sasa ananitazama usoni. Akaniuliza tangu lini. Rangi gani. Maumivu wapi. Homa ipo? Mgongo? Maswali yaleyale yaliyomshinda kwenye chumba cha mtihani, moja baada ya jingine, na mimi nikajibu moja baada ya jingine kama mtoto wa shule. Tulipomaliza akaniomba ruhusa ya kumwambia wifi yako. Aliniomba ruhusa, Dada. Hakuisambaza siri yangu kwa sababu yeye ni mtoto wa nyumbani. Nikampa. Usiku ule nililala, na nilikuwa nimesahau kulala kukoje.

Hospitali ilinipokea kesho yake. Waliniwekea mpira wa mkojo, daktari akatikisa kichwa kwa kiasi kilichotoka. Tezi dume ilikuwa imevimba imeziba njia, na alisema ningechelewa zaidi figo zingeanza kuharibika. Walichukua kipande kidogo kukipima. Zile siku za kusubiri majibu sitaki kuzisimulia. Majibu yakaja: si ile tuliyoiogopa. Wifi yako alipiga magoti palepale ukumbini, mhudumu mwenye ndoo akamzunguka. Nikapangiwa siku ya upasuaji.

Usinikasirikie kwamba hukuambiwa. Nilikataza mwenyewe, nikisema Dada yuko mbali atapata presha bure. Nakuomba radhi kwa hilo, na soma mpaka mwisho uone kama wewe ni mtu wa kunilaumu.

Huku nikisubiri kisu, Kitinda akarudia mtihani wake. Sikuwepo, nimesimuliwa. Walimpa mzee mmoja mlinzi wa geti, mwenye ndevu na sura kali, karatasi nyingine, lakini aibu ileile. Kitinda alimwamkia, akamwekea mto vizuri, akavuta pazia, na akauliza. Alifaulu. Matroni mwenyewe alinipigia simu, akasema ameuliza kwa heshima na hakuacha kitu. Jumapili iliyofuata wanafunzi wote wa kwenda wodini walisimama mbele ya kanisa la chuo wakanyoosha mikono yao, viganja juu, mchungaji akaiombea mmoja mmoja. Nilikuwa benchi la nyuma, na mpira wangu umefichwa ndani ya suruali. Nililia, Dada. Naandika wazi kwamba nililia, na wifi yako anatikisa kichwa kuthibitisha.

Sasa sikiliza maajabu ya Mungu. Nimefanyiwa upasuaji, nimelazwa wodi ya wanaume, na wodi ya kwanza aliyopangiwa Kitinda ni hiyohiyo. Muuguzi mkuu akataka kumhamisha. Kitinda akaja kitandani akasema, “Mjomba, uamuzi ni wako. Ukisema nihame, nahama, na sitaona vibaya.” Nikafikiri kidogo. Nikamwambia abaki.

Akatunga utaratibu wake mwenyewe, wala hakufundishwa na mtu. Akiwa kazini haniiti Mjomba. Ananiita Mzee, kama anavyowaita wote, ananipima, anakagua mpira, anauliza anayotakiwa kuuliza, anaandika, anaondoka kwa mwingine. Zamu yake ikiisha anavua aproni, anatoka nje ya wodi kabisa, anapiga hodi, anaingia upya na kikapu cha chakula, anapiga goti, “Shikamoo, Mjomba, umeshindaje?” Kana kwamba hatujaonana wiki. Na mimi namsimulia nilivyoshinda, kana kwamba hajui.

Kitanda cha jirani alilazwa dereva mmoja wa malori, mzee mkorofi, macho yake si mazuri. Siku ya tatu akaniinamia kwa siri: “Huyu mpwa wako anayekuja jioni ni binti mwema. Lakini yule muuguzi wa mchana, khaa! Haachi swali likapita. Mngewachanganya wawe mtu mmoja.” Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, na muuguzi wa mchana akaja kunigombeza.

Huyo dereva ndiye alikuwa hataki kabisa kuogeshwa na mtoto wa kike. Najua na wewe hilo ndilo linalokukera, ulilisema tangu siku ya kwanza: binti yangu awaogeshe wanaume wazima? Basi nilimwona akifanya. Alifunga pazia, lakini upenyo ulibaki. Alimfunika shuka, akafunua mkono mmoja, akauosha, akaufunika. Kisha mkono wa pili vivyo hivyo. Alipofika pale ambapo wewe na mimi tungeona haya, akamkamulia kitambaa, akampa mkononi, akageukia dirishani, akasema, “Hapo Mzee utajiosha mwenyewe, mimi nashika beseni. Ukichoka sema.” Yule mkorofi mzima alitoka pale mpole kama mwali. Sikuona kitu cha aibu, Dada. Niliona malezi yako yakifanya kazi mahali ambapo wewe hujawahi kufika.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtoto simrudishi. Begi lake wifi yako alikwisha kulifungua, nguo zimerudi kabatini, na mwaka wa mwisho unaanza baada ya likizo. Najua asiyesikia la mkuu huvunjika guu; guu langu lipo, njoo ulivunje mwenyewe. Tangu tukiwa wadogo sijawahi kukukatalia jambo, na ulinibeba mgongoni ukiwa mdogo kuliko mzigo. Hili moja nakukatalia, na nakukatalia nikiwa hai kwa sababu ya huyo unayetaka nimrudishe.

Nisalimie shemeji, mwambie ile meza ya kahawa niliyomwahidi bado naikumbuka. Nisalimie Babu Redio, jirani yenu, na umwambie apunguze sauti majirani walale. Wajukuu wabusu mmoja mmoja. Fundi umeme nimeongea naye nilipokuwa hospitali, lakini msalimie tena, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia jambo ambalo nimeliacha mpaka hapa.

Aliniambia kwamba siku hizi hulali kitandani. Unalala umekaa kwenye kiti, na akikuuliza unasema ni joto. Kitinda alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu, sauti ya simu iko juu, akasikia yote. Baadaye nikamwambia mpigie mama yako, umuulize. Akajibu, “Mama hawezi kuniambia mimi. Kwake mimi bado mtoto. Muulize wewe, Mjomba.”

Tangu hapo nimewaza. Mtu hamwiti mwanawe arudi, mwaka umebaki mmoja, kwa ajili ya mtihani. Nadhani unaogopa, Dada, na unamtaka kitinda mimba wako awe karibu, na hujui pa kuanzia kusema. Mimi ni mdogo wako na sina adabu ya kukuuliza haya, lakini nauliza. Ukilala chali unapumua vipi? Miguu inavimba? Kifua kinabana tangu lini? Nani mwingine anajua?

Nijibu kwanza, ndipo unitukane.

Mungu akulinde, akupe pumzi ya kutosha na usingizi wa kitandani.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Fundi.